Maelezo Kuhusu Nati ya Juu ya Shokapu ya Mbele Kushoto

KITUO CHA POLISI, CHUMBA CHA UPELELEZI
MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: mwanamke, anayejulikana na wateja na majirani kama Dada Springi
Umri: miaka arobaini na tatu
Kazi: muuzaji wa vipuri vya chini ya gari
Makazi: nyumba ya familia, nyuma ya kiwanda cha matofali
Uhusiano na marehemu: dada yake wa tumbo moja
Yameandikwa: Ijumaa tarehe kumi na nne, kuanzia saa nne na robo asubuhi

Mimi ndiye mwenye duka la vipuri lililo mkono wa kulia ukiingia kwenye uwanja wa magereji. Nauza vitu vya chini ya gari tu: shokapu, springi, bushi na vikombe vya mpira. Ukiniuliza plagi nitakuelekeza kwa jirani. Marehemu ni mdogo wangu wa mwisho. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni Mama alipokuwa kazini. Alikuwa fundi wa miguu ya gari, na kati ya gereji yake na duka langu kuna ukuta mmoja wa mabati. Nikikohoa, ananiuliza kutoka upande wa pili kama nimekunywa dawa. Alikuwa ananiuliza, niseme hivyo. Bado sijazoea.

Afande ameniambia nieleze niliyoyaona kwa macho yangu na siyo niliyoambiwa. Vizuri sana. Maana niliyoambiwa tangu Jumanne ni mengi, na mengi yake sitaki hata yanikaribie.

Mnamo tarehe tatu mwezi huu, siku ya Jumatatu, saa tatu asubuhi, walikuja dukani kwangu mtu na mkewe. Mume ni mfamasia, ndiye huyo mliyemweka mahabusu. Walikuja na gari dogo la bluu, la milango miwili, limekaa chini kama limepigwa. Gari la mbio. Alilinunua kabla hajaoa, na ndilo hilo hilo analoendea kazini kila siku, ndilo la sokoni, ndilo la hospitali. Hawana lingine. Lilipoingia uwanjani nililisikia kabla sijaliona: ko, ko, ko, kwenye kila jiwe.

Mke alishuka kwa kushikilia mlango. Alipasuliwa mgongo mwaka jana, wakamtia vyuma. Nilimpa kiti changu, akakataa, akasema akikaa atahitaji watu wawili wa kumnyanyua. Nikamuuliza shida nini. Akasema, "Dada yangu, nikipanda hili gari, kila tuta namtukana mtu. Ukoo wa mume wangu nimeshaumaliza. Sasa nimeanza wa kwetu." Tulicheka, hata mfamasia mwenyewe alicheka. Naeleza haya, afande, ili ujue hawakuja na ugomvi. Walikuja na mgongo unaouma.

Mfamasia alinionyesha kwenye simu shokapu anazozitaka. Zilikuwa zile za kuzungusha, ambazo unapandisha na kushusha gari kwa kuzungusha ringi, na zina kitufe cha kukaza na kulegeza. Bei yake ya kutoa machozi. Nikamuuliza, "Bwana, unataka kwenda kushindana au unataka kwenda kazini?" Akasema kazini. Nikamwambia basi hizo ziache, kwa sababu hizo hizo, tena za bei rahisi, ndizo zilizo chini ya gari lako sasa hivi na ndizo zinazokuulia mke. Aliyekuuzia gari alizifunga ili lionekane zuri likiwa limesimama.

Nililala chini nikamwonyesha. Zile za kuzungusha, kichwa chake cha juu ni chuma kwa chuma, hakuna mpira. Kwenye uwanja wa mashindano sawa. Barabarani kwetu, na vumbi na maji, baada ya miezi michache kinalegea na kuanza kugonga. Akaniuliza, je, nikiweka springi fupi tu juu ya shokapu za kawaida? Nikamwambia ni rahisi leo, ila shokapu itachoka haraka kwa sababu haikutengenezewa springi hiyo, na utarudi kunilaumu. Njia ya tatu ndiyo niliyomchagulia: shokapu ngumu kidogo kuliko za kiwandani, springi iliyotengenezwa kwenda nazo, na juu kikombe kipya cha chuma chenye mpira ndani. Gari litashuka kidole kimoja tu. Vijana hawatageuka kulitazama. Lakini halitalia, na bei haiumizi. Mke wake akasema, "Hizo." Mfamasia akasema, "Mwenye mgongo amesema." Tukakubaliana.

Mzigo ulifika Jumatatu tarehe kumi. Mdogo wangu alizifunga siku hiyo hiyo, kuanzia asubuhi hadi saa kumi. Nilimwona akizifunga. Sasa hapa naomba afande aandike polepole, kwa sababu ndiyo sehemu yenyewe.

Shokapu za kuzungusha na hizi nilizomchagulia hazifunguliwi sawa. Zile za kuzungusha, unalegeza ringi ya chini mpaka springi inacheza yenyewe, unaweza kuizungusha kwa kidole. Hapo ukifungua nati ya juu hakuna kitu. Inatoka tu, unaweka pembeni, unaendelea na stori. Hizi za kawaida hazina ringi ya kulegeza. Springi imeshindiliwa humo ndani na inataka kutoka usiku na mchana. Kabla hujagusa nati ya juu, lazima uikamate springi kwa vibano viwili, huku na huku, uibane mpaka iache kusukuma. Bila vibano, ile nati ndiyo kitu pekee kinachoizuia.

Mdogo wangu alilijua hilo kabla hajaota ndevu. Siku ya Jumatatu alitumia vibano kwenye miguu yote minne. Nilimwona kwa macho yangu, nikampelekea maji. Lakini tangu mwaka uanze, gereji yake ilikuwa imejaa vijana wenye magari ya kushusha. Kila siku za kuzungusha, kila siku za kuzungusha. Vibano vilikuwa vinaning'inia ukutani mpaka vikaota vumbi. Mkono wake ulikuwa umezoea: legeza ringi, fungua nati, maliza.

Mnamo Jumanne tarehe kumi na moja, saa tatu na nusu asubuhi, mfamasia na mkewe walikuja kulijaribu gari. Walizunguka mtaa, mimi na mdogo wangu tumesimama getini tunasikiliza. Gari lilipita kwenye tuta la kona likanyamaza. Kweli lilinyamaza. Mdogo wangu alinipiga bega akasema, "Umesikia? Hujasikia kitu, si ndiyo?" Alifurahi sana. Naomba liandikwe kwamba alifurahi.

Waliporudi, mke alishuka peke yake bila kushika mlango. Alimwambia mdogo wangu, "Fundi, leo sijamtukana mtu." Kisha akasema kuna kasauti kadogo tu, tik, mbele kushoto, usukani ukikatwa hadi mwisho. Mfamasia hakuwa amekisikia. Mdogo wangu aliingia, akakata usukani, nikasikia na mimi. Tik. Ni mpira wa kukalia springi haukukaa sawa sawa kwenye nafasi yake. Si hatari. Ungeweza kutembea nayo mwaka mzima.

Mfamasia alisema maneno haya, na niko tayari kuyarudia mbele ya mtu yeyote: "Acha tu, Fundi. Nachelewa kufungua duka la dawa. Tutakuja Jumamosi." Mke wake naye akasema, "Hiki hakiniumizi, mimi nilikuwa nasema tu." Mdogo wangu ndiye aliyekataa. Alisema, "Gari haitoki kwangu inalia. Nipeni nusu saa." Nikamwambia, "We naye, mwache mtu aende kazini." Akasema, "Dada, kauze duka." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Sikuwa na kinyongo nayo, ndivyo tulivyokuwa tunasemezana.

Niliingia dukani kutafuta mpira mpya wa kukalia springi, nikitaka kuwa tayari akiuhitaji. Mke wa mfamasia alibaki nje, amesimama kwenye kivuli cha paa langu. Kupitia mabati nilimsikia mdogo wangu akifungua tairi, kisha boliti za chini. Alikuwa anaongea na mfamasia, anamweleza stori ya mteja aliyeweka matofali kwenye buti ili gari lishuke. Mfamasia alikuwa anacheka. Nilipata mpira nikatoka nao.

Nilifika kwenye mlango wa gereji ilipokuwa yapata saa nne na dakika ishirini. Shokapu ilikuwa imeshatolewa kwenye gari. Mfamasia amechuchumaa ameishika kwa chini, kwa mikono miwili, kwa sababu aliambiwa, "Nishikie hapo isizunguke." Mdogo wangu ameinama juu yake. Mkono wa kushoto ulikuwa na kile chuma chembamba cha kuzuia fimbo ya katikati, mkono wa kulia ulikuwa na spana, na spana ilikuwa kwenye nati ya juu. Vibano vilikuwa ukutani. Niliviona ukutani. Alikuwa bado anaongea, stori ya matofali haijaisha, na mkono unazungusha. Hakuwa anaiangalia ile nati. Alikuwa anamwangalia mfamasia usoni, anasubiri acheke.

Nilisema, "We!" Sikuwahi neno la pili.

Ulikuwa mlio mmoja. Kikombe cha juu kilimpiga hapa, chini ya kidevu, afande ameona ninapoonyesha. Kilienda mpaka kwenye paa kikatoboa bati, mnaweza kwenda kuona tundu. Mdogo wangu alikaa chini. Hakuanguka, alikaa, kama mtu aliyechoka. Mfamasia alikuwa amechanika kiganja lakini hakujiangalia. Alivua shati lake akalibana shingoni kwa mdogo wangu, akanipigia kelele, "Tafuta gari! Tafuta gari!" Nilikimbia barabarani nikasimamisha pikapu ya muuza mbao. Mfamasia alimbeba mdogo wangu, siyo mtu mwingine. Alikaa naye nyuma njia nzima, mkono hauondoi kwenye shingo. Mimi nilikuwa nimeshika miguu. Kabla ya taa za barabarani karibu na hospitali, mfamasia alinitazama akatikisa kichwa. Lakini mkono hakuutoa mpaka tulipofika.

Kuhusu spana. Kaka yetu mkubwa ameandika kwenye malalamiko yake kwamba alipofika gereji, alimkuta mfamasia amesimama na spana mkononi na damu kifuani. Hilo ni kweli na sitalikana. Lakini kaka alifika saa sita, sisi tulikuwa tumesharudi kutoka hospitali. Watu walijaa uwanjani, wanauliza kilichotokea. Mfamasia aliiokota spana chini ili awaonyeshe fundi alivyokuwa ameshika. Alikuwa hajui anaongea na nani. Kaka akaona mtu asiye fundi, hana shati, ana damu, ana spana. Mimi nilikuwa nimekaa chini kwenye mlango wa duka langu na siwezi kusema kitu, hata jina langu nisingeweza kulisema. Ndiyo maana siku ile hamkupata maelezo yangu. Kama ningesema siku ile, mfamasia asingelala kwenu usiku hata mmoja. Hilo linanikaa hapa kifuani.

Nataja sasa yale niliyoambiwa, ambayo mwanzoni nilisema sitaki yanikaribie. Jana, baada ya mazishi, kaka aliniita nyuma ya nyumba, kwenye kamba ya nguo. Akaniambia, "Mlikuwa watatu. Mmoja tumemzika. Mwingine ni adui. Umebaki wewe." Nikamwambia sijaelewa. Akasema nilielewa vizuri tu. Alitaka niseme kwamba mfamasia alikuwa na haraka, akamnyang'anya mdogo wetu spana, akafungua mwenyewe. Nikasema sikuona kitu kama hicho. Akasema, "Mdogo wetu alikuwa fundi ambaye watu walitoka mji mwingine kumfuata. Unataka leo wakae vibarazani waseme ameuawa na kosa la mtoto wa wiki ya kwanza? Utamzika mara ya pili?"

Kaka si mtu mbaya, afande, naomba asionekane mbaya humu. Yeye ndiye aliyemlipia yule mtoto ufundi, alimpenda mno, na mtu akiwa na uchungu wa namna ile anataka mahali pa kuuweka. Hata mimi ningependa kuuweka mahali. Ingekuwa rahisi kwangu kumchukia mfamasia kuliko kuamka asubuhi na kuyaona yale mabati.

Mama alikuwa ndani. Hajala tangu Jumanne. Kaka ameshamwambia kwamba ni mteja ndiye aliyefungua, na Mama ameliamini hilo, analishikilia. Jana usiku alinishika mkono akasema, "Mwanangu, nenda kaseme ukweli wafunge yule mtu." Nikaitikia, "Ndiyo, Mama." Nilijua naitikia nini.

Leo asubuhi nilipokuja hapa kituoni, nilimkuta mke wa mfamasia nje, amesimama pembeni ya benchi, maana hawezi kukaa. Amekuja kwa miguu kwa sababu gari lao bado liko juu ya jeki gerejini, halina mguu mmoja. Nilidhani ataniomba. Hakuniomba chochote. Alisema, "Pole, dada. Ningenyamaza tu na hako kasauti." Nikamwambia anyamaze sasa basi, asinilize mbele ya polisi.

Kwa hiyo nasema hivi. Nati ya juu ya shokapu ya mbele kushoto ilifunguliwa na mdogo wangu mwenyewe, kwa mkono wake, bila vibano, kwa mazoea. Hakuambiwa na mtu aifungue. Hakuharakishwa na mtu. Aliambiwa aache, na mimi ni mmoja wa waliomwambia. Mfamasia hakugusa spana kabla ya tukio. Alishika alipoambiwa ashike, na aliposhikwa na polisi alikuwa bado hajanawa damu ya ndugu yangu, ambayo alijaribu kuizuia.

Alikuwa fundi mzuri. Naomba nalo liandikwe, ingawa si la tukio. Fundi mbaya angeliacha gari liende likilia.

Sina zaidi ya hapo. Nimeyasema haya nikiwa na akili zangu, bila kutishwa wala kuahidiwa kitu, nami ndiye nitakayeyabeba.

Sahihi ya shahidi: (ametia saini)

MAELEZO YA OFISA ALIYEANDIKA

Mimi sajini wa zamu, chumba cha upelelezi, nathibitisha kuwa nimeandika maelezo haya kama yalivyotolewa na kumsomea shahidi neno kwa neno. Karibu na mwisho nilikuwa nimeandika "kwa uzembe". Shahidi alikataa kutia saini mpaka nilipofuta na kuandika "kwa mazoea", kama alivyokuwa ametamka. Marekebisho hayo tumeyatia saini sote wawili. Bati lenye tundu na vibano vilivyoko ukutani vimekaguliwa na kupigwa picha. Vimeonekana kama shahidi alivyoeleza.

Baada ya kuwasiliana na mkuu wa upelelezi, mtuhumiwa alitolewa mahabusu saa saba mchana na kukabidhiwa kwa mkewe.

Kaka mkubwa wa shahidi alikuwa kaunta wakati huo, akaona mtuhumiwa anatoka. Aliniuliza shahidi amesema nini. Shahidi alimjibu mwenyewe, mbele ya wote. Kaka hakufanya fujo. Alimpigia simu mama yao, akampa shahidi ile simu, akasema, "Mwambie wewe." Nilimsikia shahidi akisema, "Mama, ni yeye mwenyewe aliyefungua. Hakuna mtu wa kumchukia, Mama." Kisha alibaki na simu sikioni, muda mrefu mpaka kaka yake akachoka kusubiri akatoka nje. Nilipomsogelea kumuuliza kama bado anaongea na mama yake, alinijibu kuwa Mama alishakata.